Nne Nyekundu

Mkakasi ni kichombo cha mti kilichochongwa, kikapakwa rangi na kutiwa nakshi hadi kikapendeza. Ukikiona juu ya meza ya mtu utakitamani. Ila kina adui mmoja, naye ni maji. Kikilowa, rangi huchuja, nakshi hufutika, na mwenye nacho hubaki ameshika kipande cha mti. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi ukipata maji basi. Wengi wetu tuliikariri methali hii darasani, tukapata alama zetu, tukaenda zetu. Mchora vibao mmoja aliikariri pia alipokuwa mtoto, lakini aliikumbuka siku ambayo kukumbuka hakukumfaa kitu.

Mchora vibao huyo alijulikana mtaani kwa jina la Nembo. Miaka ishirini ya kuandika majina juu ya milango ya maduka, saluni na zahanati ilikuwa imemfundisha somo moja. Duka bovu likipata kibao kizuri hupata wateja, na duka zuri lisilo na kibao hupigwa na vumbi mpaka mwenyewe akate tamaa. Kutokana na somo hilo aliamini kuwa kitu ni kile kilichoandikwa juu yake. Basi alipofanikiwa kununua gari la spoti la milango miwili, jekundu, lililokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake, hakuliacha uchi. Alilivika nembo kwenye boneti, ubavuni, juu ya matairi, kwenye buti, hata kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Kulikuwa na simba, mbawa, ngao na bendera za mashindano ambayo gari lile halikuwahi kuyaona hata kwa mbali.

Kila Jumapili asubuhi wenye magari ya aina hiyo walikutana kwenye uwanja wa ghala lililofungwa. Walijiita Milango Miwili. Ungedhani watu wanaopenda kitu kimoja watakaa kwa amani, lakini hawa walibishana kama mawifi. Daktari wa meno alikuwa amefunga bawa nyuma ya gari lake, kubwa kiasi kwamba wenzake walimwuliza kama huwa anaanikia nguo. Mhasibu mstaafu alitaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo na watu wa kiwanda alikuwa hajaibandua kwa miaka tisa. Halafu alikuwepo shemeji yake Nembo, kaka wa mkewe, fundi wa lifti, ambaye wote walimwita Kipara. Kichwani alikuwa na nywele tele; kipara kilikuwa cha gari lake. Alikuwa amebandua kila kilichoandikwa juu yake, hadi jina la kampuni, likabaki gari la kijivu lisilo na neno.

"Shemeji, hili gari lako lina jina au tulipatie sisi?" Nembo alimtania.

"Gari si duka," Kipara alijibu. "Lifti ninazozitengeneza hazijaandikwa kitu, na watu wanapanda mpaka ghorofa ya kumi na mbili bila kuuliza."

Magari yao mawili yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Kampuni ilikuwa moja, mwaka mmoja, na umbo lilelile. Tofauti ilikuwa chini, mahali pasipoonekana. La Kipara lilivuta kwa magurudumu yote manne, na la Nembo lilisukumwa na mawili ya nyuma tu. Kwa nje kiwanda kilikuwa kimeitangaza tofauti hiyo kwa nembo moja ndogo, isiyozidi kibiriti kwa ukubwa, yenye namba nne kwa rangi nyekundu. Siku Kipara alipokuwa akibandua nembo zake, kwa maji ya moto na uzi mgumu wa kukatia gundi aliouomba kwa dada yake, Nembo alikuwa amesimama pembeni akiumia kama mtu anayeona chakula kikimwagwa.

"Hiyo usitupe. Nipe mimi."

"Ya nini? Gari lako si la aina hiyo."

"Ya ukutani. Karakana yangu ina ukuta mzima wa nembo, na hiyo sina."

Kipara akampa bila kufikiri mara mbili.

Kwa miezi mitatu ile nne nyekundu ilikaa ukutani kama alivyoahidi. Kisha yakaja maonyesho ya mwaka, na asubuhi ile Nembo alipolizunguka gari lake akaona pembeni mwa buti pana nafasi tupu, upande wa kulia, ikimtazama. Aliishusha nembo, akaibandika kwa gundi ya utepe, si gundi ya kudumu, maana alijiambia ni kwa siku moja tu. Haikupita nusu saa daktari wa meno akaiona.

"Kumbe lako linavuta yote manne na ulikuwa umenyamaza! Wewe ni mtu mnyenyekevu sana."

Nembo hakusema ndiyo wala siyo. Alitabasamu, na tabasamu likajibu kwa niaba yake. Wenzake walimvisha kilemba cha ukoka, naye akaona kinamkaa vizuri. Kipara alikuwepo, akaona, akacheka kimoyomoyo na kugeukia kwingine, kwa sababu hakutaka kumwaibisha mume wa dada yake mbele za watu. Siku moja ikawa wiki, na wiki zikawa miezi.

Laiti uongo ule ungebaki uwanjani, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini uongo nao una miguu, ukamfuata Nembo mpaka nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na mashine mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu, na nyuma ya pazia aliishi mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa ameshona miaka arobaini kabla macho yake hayajadhoofika, na mpaka sasa hakuna nguo iliyotoka mle bila kupita mikononi mwake. Hakujali maua wala vifungo. Alisema neno moja tu, "Geuza nione ndani," kisha akapitisha vidole juu ya bitana polepole. Alikuwa akimwambia bintiye kwamba aibu ya fundi hukaa upande ule ambao mteja haangalii. Bintiye alicheka, lakini alimtii.

Mama alikuwa na pumu ya siku nyingi. Kwa kuwa nyumba yao ilikuwa nyuma ya kilima cha udongo wa mfinyanzi, na barabara ya bondeni ilimezwa na mto kila msimu wa mvua, ilikuwa desturi yao kumhamishia kwa Kipara mvua zinapokaribia. Kipara aliishi ghorofani, mwendo mfupi kutoka hospitali. Mama hakupenda kwenda. Lifti ya jengo lile, ambayo mwanawe mwenyewe ndiye aliyeitunza, aliiita sanduku, na kila alipoingia alifumba macho.

Mwaka ule, wakiwa wamekaa watatu wakinywa chai, mkewe Nembo alisema, "Mama, safari hii hakuna haja ya kuhama. Gari letu linavuta miguu yote minne. Watu wa chama wote wanalisifia. Kilima kile linakipanda hata kikipakwa sabuni."

Uso wa mama ulichangamka kama wa msichana. Akamgeukia mkwewe. "Ni kweli, mwanangu?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno lilimfika Nembo kooni. Alimtazama mkewe, akaona jinsi alivyokuwa akimwangalia kwa fahari, yeye aliyezoea kumwona mumewe kama mtu wa mapambo na mzaha. Miaka kumi ya ndoa na hakuwahi kutazamwa vile. Akalimeza neno pamoja na chai.

"Msiwe na wasiwasi, mama," alisema.

Kesho yake Kipara, aliyekwisha kupewa habari na dada yake, alifika karakana, ambako Nembo alikuwa akiandika kibao cha duka la viatu. Alisimama nyuma yake mpaka herufi ikaisha.

"Shemeji, mambo ya uwanjani sikuyaingilia. Ukiwadanganya wale, ni mchezo wa watu wazima. Lakini huyu ni mama."

"Najua."

"Basi mwambie mkeo. Nikimwambia mimi nitakuvunjia heshima ndani ya nyumba yako, na hilo silitaki."

"Nitamwambia leo."

Na kwa kweli alikusudia. Alipiga moyo konde njia nzima. Lakini alipofika nyumbani alimkuta mkewe amekwisha kuifungua mizigo ya mama, nguo zimerudi kabatini, na bibi wa watu anaimba kwa sauti ya chini huku akichambua vifungo. Akasema kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Wiki moja baadaye Kipara alipiga simu kuuliza kuhusu lile jambo, na Nembo akajibu, "Limekwisha, shemeji." Kipara akaelewa kwamba dada yake ameambiwa, na kwamba mama ameamua kubaki kwa hiari yake. Hakuuliza tena.

Mvua zilikuja kwa vishindo. Siku ya tatu mto ulipanda juu ya daraja la bondeni. Siku ya tano, Jumapili, saa nane mchana, mama alibanwa.

Haikuwa kama siku nyingine. Alivuta dawa yake mara mbili, mara nne, na kifua kikaendelea kupiga mluzi. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Mkewe Nembo alimfunika khanga mabegani, akatoka mbio mpaka bandani ambako mumewe alikuwa akilifuta gari.

"Mama amebanwa. Vibaya." Simu ilikuwa mkononi mwake. "Nimpigie kaka aje, au tunakwenda sisi?"

Nasema tena, hapo napo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu lingetosha: mpigie. Kipara alikuwa upande wa pili wa kilima, na gari lake la kijivu lingefika kwa robo saa. Lakini kusema mpigie kungezaa swali, na swali lingezaa jibu, na Nembo alikuwa amelikimbia jibu hilo kwa miezi. Tena palikuwa na matumaini kidogo. Alijiambia kwamba huenda kilima hakijaharibika sana, huenda akiingia kwa kasi kitapandika.

"Twende sisi," alisema. "Mpaka atoke huko tutakuwa tumefika."

Walimketisha mama kiti cha mbele. Mkewe akajipenyeza nyuma, kwenye kile kiti cha magari ya spoti ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya binadamu, akawa amemshika mama mabega kutoka nyuma. Mvua ilikuwa ikimwagika. Chini ya kilima Nembo alikanyaga mafuta, gari likaunguruma, likapanda hatua thelathini, arobaini, kisha sehemu ya nyuma ikaanza kucheza kushoto na kulia. Magurudumu mawili yalizunguka bure yakirusha tope. Alirudi chini, akajaribu tena. Mara ya tatu gari lilipanda zaidi kidogo, likageuka ubavu, likazama nyuma mpaka kwenye bomba la moshi.

"Mbona halivuti?" mkewe aliuliza.

Nembo alikanyaga mafuta tena, tope likaruka.  Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, akiitafuta kila pumzi kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka gizani.

Mkewe alishuka kusukuma. Alivua viatu, akasimama kwenye tope lililomfika nusu ya miguu, akaweka viganja juu ya buti na kusukuma kwa nguvu zake zote. Gari halikusogea. Mkono wake wa kulia uliteleza, na kilichokuwa chini ya kiganja kikateleza nao. Alipoufungua mkono aliona nembo ndogo yenye nne nyekundu.

Alikuwa binti wa mama yake. Aliigeuza aone ndani. Utepe wa gundi ulikuwa umelowa na kuvimba, na ulipochubuka ulionyesha chini yake mabaki ya rangi nyingine, rangi ya kijivu. Alisimama kwenye mvua akiitazama rangi ile. Aliijua. Alikuwa akiiona kila Jumapili mlangoni pake, na alikumbuka uzi mgumu ambao kaka yake alikuja kuuomba.

Akaenda mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Gari hili lina miguu mingapi?"

Nembo alitazama mbele. "Miwili," alisema. "Ya nyuma."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitoa simu, akaifunika kwa kiganja isilowe, akasema, "Kaka, tumekwama kilimani na mama. Njoo," na akarudi kumpangusa mama uso kwa pindo la khanga.

Kipara alifika baada ya dakika kumi na nne. Gari la kijivu lilishuka kutoka kilele cha kilima taratibu, likageuka mbele yao, likawachukua mama na dada yake, kisha likapanda kwenye tope lilelile bila kuhangaika. Nafasi ilikuwa finyu, Nembo hakuingia. Alibaki amesimama karibu na simba wake, ngao zake na bendera zake, akiliangalia gari lisilo na neno mpaka likapotea. Alipofika hospitali kwa miguu, ameloa na tope limemganda magotini, saa moja na nusu ilikuwa imepita. Aliwakuta mke na shemeji wamekaa kwenye benchi la ukumbini. Katikati yao palikuwa na khanga imekunjwa vizuri, na hapo akajua.

Mama alikuwa amefariki mlangoni mwa chumba cha dharura, machela ikiwa bado inatembea. Daktari aliwaambia mapafu yalikuwa yamechoka. Hakusema kama wangewahi angepona, wala hakusema asingepona. Nembo alitamani sana daktari huyo aseme lolote kati ya hayo mawili. Hakuthubutu kumwuliza, na mpaka leo halijui jibu.

Walimzika. Watu wa Milango Miwili walikuja wote, na daktari wa meno, kwa nia njema kabisa, alimshika Nembo mkono akamwambia, "Angalau ulikuwa na gari la kufaa." Mkewe alikuwa karibu, alisikia. Alikaza macho chini, asiongeze neno. Alimfichia mumewe aibu siku ile, na Nembo aliona afadhali angemvua nguo mbele ya watu.

Wiki moja baadaye Kipara alikuja karakana. Nembo alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, brashi imekauka mkononi.

"Uliniambia limekwisha," Kipara alisema.

"Nilikuambia."

"Na mimi nilitaka kuamini." Fundi wa lifti alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Mwenye nembo ni mimi, aliyeitoa ni mimi, aliyeiona ikidanganya akacheka ni mimi. Usidhani umeubeba peke yako. Lakini sitakusaidia kuubeba, shemeji. Siwezi."

Siku ile Nembo aliziondoa nembo zote. Alitumia maji ya moto na uzi, kama alivyomwona shemeji yake akifanya. Zilipoisha alirudi nyuma hatua chache aone gari lililo safi, na hapo ndipo alipojua kazi ya jua. Rangi ya gari zima ilikuwa imepauka, isipokuwa mahali palipofunikwa. Simba alikuwepo bado, kwa wekundu uliokoza. Mbawa zilikuwepo, ngao zilikuwepo. Na pembeni mwa buti, upande wa kulia, palikuwa na umbo dogo, si kubwa kuliko kibiriti. Alilisugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, na umbo likabaki, sasa likiwa doa la bati.

Mkewe hakuondoka nyumbani. Anashona, anapika, anajibu anaposalimiwa. Kabla ya kumpa mteja nguo huigeuza, akapitisha vidole juu ya bitana, akakaa kidogo kama anayesubiri mtu wa nyuma ya pazia aseme ni sawa. Nembo hulala chumba kimoja naye, na kila usiku humsikia akihema, pumzi nzuri, zisizo na mluzi. Huzihesabu.

Jumapili watu wa Milango Miwili bado wanakutana na kubishana juu ya mabawa na mistari. Gari la kijivu halina tena upara kamili. Nyuma yake, upande wa kulia, pamebandikwa nembo moja ndogo yenye nne nyekundu, imefungwa kwa gundi ya kudumu. Aliyeirudisha mahali pake ni dada mtu, kwa mkono wake, na hakuna mwanachama anayemtania Kipara juu yake. Gari jekundu halijafika uwanjani tangu siku ile. Limeegeshwa bandani chini ya paa linalovuja, na kila mvua inyeshapo matone hudondoka juu ya buti, yakiujaza maji ule mraba wa bati ambao umeanza kushika kutu. Mwenyewe hukaa mlangoni akitazama, asilihamishe. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.